Lenzi Pana Zaidi

"Hii nayo haioni," Alphonce alisema, akaiweka kamera juu ya kabati la kioo.

Samson, mwenye duka, alicheka. Wateja walikuwa wamemlalamikia mengi kuhusu lenzi, kwamba ni nzito, kwamba zina mikwaruzo, kwamba ni ghali, lakini huyu alikuwa wa kwanza kumwambia kuwa lenzi haioni.

Duka lilikuwa mtaa wa Mwanga, limebanwa kati ya kinyozi na muuza vitenge, na Jumamosi mchana lilikuwa na joto la kuchosha. Frida alikaa kwenye stuli kando ya feni, mkoba mapajani, akimtazama Alphonce kwa jicho ambalo hata Samson alilielewa. Alipenda mikono yake anapoishika kamera. Alipenda alivyokunja uso akitafuta fokasi, kama mtu anayesikiliza neno linalosemwa chumba cha pili.

Hawakuwa wapiga picha wa kazi. Frida alikuwa karani wa mizigo bandarini, Alphonce alifundisha jiografia sekondari. Kamera ndiyo iliyowakutanisha. Siku moja Alphonce alikuja gatini kupiga picha meli ikipakia, akamwomba Frida asogee kidogo kwa sababu alikuwa ameziba mandhari. Frida alisogea, na lenzi ikamfuata yeye, meli ikasahaulika. Tangu siku ile kamera ikawa yao wote wawili, na lenzi ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Sasa walikuwa wamekubaliana kununua nyingine, moja tu, watakayoitumia hata baada ya kuoana.

"Mwalimu, nisikilize," Samson alisema. "Watu wanakuja hapa wanataka kubadilisha bodi ya kamera. Nawaambia acheni. Bodi ni kama simu, baada ya muda imetoka mpya na ya kwako haitamaniki. Lenzi nzuri unazeeka nayo. Sasa niambie, unapiga nini zaidi?"

"Watu. Na ziwa, jua likizama."

"Basi chukua hii ya milimita hamsini. Haina zumu, ukitaka kusogea karibu unasogea kwa miguu yako. Ila tundu lake linafunguka sana. Hata kwenye chumba chenye taa moja unapata picha safi."

"Nimeijaribu. Kwenye giza inanisaidia, lakini inaona padogo." Alphonce alifikicha macho. "Nataka pana. Pana zaidi."

"Zaidi ya hiyo uliyokuja nayo?"

"Nayo inanibana."

Samson alimtazama Frida kama anayeomba tafsiri. Frida akapandisha mabega. "Wenzako wanaopiga picha za harusi wanaitumia hiyo hiyo," Samson akaendelea, "na wanaingiza ukoo mzima, bibi hadi vitukuu." Hata hivyo alifungua droo ya chini, akatoa lenzi fupi yenye kioo kilichovimba kama jicho la samaki. "Hii ndiyo pana kuliko zote nilizonazo. Ukizembea unapiga mpaka vidole vya miguu yako."

Alphonce aliifunga kwenye kamera, akaelekea mlangoni na kutazama barabarani. Frida aliona kitu ambacho hakukipa maana wakati ule. Alphonce alikuwa akikigeuza kichwa polepole, kushoto, kulia, tena kushoto, kama mtu anayemtafuta mgeni wake katika umati wa stendi.

"Afadhali," alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na furaha.

"Usiamulie hapa dukani," Samson akamshauri. "Nendeni nayo ufukweni Katonga, pigeni, kisha mzitazame picha kwa utulivu. Niachie kitambulisho. Jumatatu mnaniambia."

Wakati wa kutoka, Alphonce alijigonga begani kwenye fremu ya mlango, kisha akakipiga teke kiti cha kinyozi kilichokuwa nje.

"Macho yote yamehamia kwenye lenzi!" Frida akacheka.

Alphonce naye akacheka, lakini alichelewa.

*

Katonga mchana ulikuwa unaisha. Mitumbwi ilikuwa imevutwa ufukweni, na wanawake waligeuza dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani juu ya nyavu. Ng'ambo, milima ya Kongo ilianza kuwa ya buluu. Alphonce alipiga picha kwa pupa. Alipiga watu wakipakua samaki wa migebuka, akapiga mawimbi, akapiga mzee aliyekuwa akishona wavu. Frida alikwenda hapa na pale, mara akasimama kando ya mtumbwi wenye rangi nyekundu, akampungia mkono, akamtumia busu la hewani. Alphonce aliendelea kupiga. Frida akafikiri ametingwa.

Baadaye walikaa kwenye gogo, vichwa vimegusana, wakazitazama picha kwenye kioo cha kamera. Alphonce alikuwa na harufu ya sabuni na vumbi la chaki ambalo halikumtoka hata wikendi. Frida alimwegemea.

"Hii nzuri," alisema. "Hii pia. Eh, mbona hapa umenipiga bila kunijibu? Mtu anakubusu mbele za watu wewe unanyamaza!"

"Wapi?"

"Hapa. Pembeni."

Alphonce aliisogeza kamera karibu na uso wake. Kwenye pembe ya picha, kando ya mtumbwi mwekundu, Frida alikuwa amesimama, mkono juu, mdomo umebinuka kwa busu. Hakuwa mbali. Mtu angerusha kanga akamfikia.

"Ulikuwepo pale?" Alphonce aliuliza.

Aliuliza taratibu sana. Frida aligeuka kumtazama.

"Alphonce, nilikuwa nakupungia."

"Nilikuwa namtazama mzee."

"Nilikuwa karibu na mzee."

Alphonce alisimama. "Twende, jua linakimbia." Akapiga hatua mbili, akakanyaga katikati ya dagaa wa watu, mguu ukanasa kwenye wavu, akaanguka kwa magoti, kamera ameikumbatia kifuani.

"We baba, huoni?" mwanamke mmoja alimaka. "Riziki yangu hiyo unaikanyaga!"

Frida aliomba radhi kwa niaba yake, akaokota dagaa waliomwagika, akawarudisha juu ya wavu. Alipoinuka, Alphonce alikuwa amekaa tena kwenye gogo, ametazama majini. Magoti ya suruali yalikuwa na magamba ya samaki.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Hicho ambacho baba yako amekwambia."

Frida alijipangusa mchanga mikononi. Baba yake, Mzee Eliakimu, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa ametuma neno kwamba washenga wa Alphonce wasije kwanza. Frida alikuwa amemwambia Alphonce kuwa baba ana shughuli. Sababu yenyewe alikuwa ameimeza, kwa kuwa aliiona ni ya kishenzi, maneno ya watu wasiowatakia mema.

"Alisema kwenu watu hupofuka," akatamka. "Alisema mjomba wako Petero wa Simbo alianza hivi hivi, na babu yako kabla yake. Nikamwambia ni uzushi. Nikamwambia mchumba wangu anapiga picha, anaona kuliko sisi wote. Niligombana na baba yangu, Alphonce. Niambie niligombana naye kwa haki."

Wimbi lilikuja likaondoka.

"Niambie!"

"Uligombana naye bure."

Frida aliketi chini mchangani.

"Ilianza na usiku," Alphonce alisema. "Nikawa sioni vizuri kukiwa na giza. Nikasema kamera ndiyo mbovu, haipati mwanga, nikaanza kutafuta lenzi inayofunguka sana. Kisha pembeni kukaanza kupotea. Sikujua kama kunapotea, Frida. Hakuwi kweusi, hakuwi chochote, hakupo tu. Nikaona picha zangu zinakata watu, nikasema lenzi imebana, nahitaji pana. Likizo iliyopita nilikwambia nakwenda Dar es Salaam kwenye semina. Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akaniwekea mashine, akanipima. Akaniuliza kwenu nani mwingine. Nikamtaja mjomba."

"Akasemaje? Kuna dawa?"

"Hakuna. Nitabaki na katikati kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la funguo. Halafu na hiyo itafungwa."

"Lini?"

"Hakunipa mwaka. Alisema niandae maisha."

"Na leo tumekwenda dukani kufanya nini?" Frida aliuliza, na sasa hasira ilikuwa inapanda juu ya machozi. "Ulijua. Umekaa pale unamwambia Samson hii haioni, hii inabana, mimi nimekaa kama mjinga nafurahi! Tulikuwa tunanunua nini, Alphonce?"

"Nilitaka niamini siku moja zaidi kwamba ni lenzi."

Jibu hilo lilimnyang'anya Frida hasira yote. Alimtazama mwanamume huyu aliyempenda, magamba ya samaki magotini, mikono yake mizuri imeshika kitu ambacho hakitamsaidia. Alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kumpiga kofi kwa kumficha.

Jua lilikuwa limegusa milima. Wanawake walianza kukunja nyavu. Mwanga ulipungua haraka, kama unavyopungua pale kila siku, na Alphonce akaanza kusema kwa kasi, kama anayekimbizana nao.

"Kuna jambo la mwisho, nilimalize kabla sijashindwa. Ni ugonjwa wa kurithi. Watoto wetu wanaweza kuupata. Daktari hakunificha. Na kazi ya ualimu sijui nitaifanya mpaka lini. Utakuwa mke wa mtu unayemshika mkono kumpeleka chooni. Utaamka kila asubuhi ukimtazama mtoto kama anajigonga mlangoni. Nimelifikiria hili kwa miezi, wewe umelisikia sasa hivi, na si haki nikuulize leo. Lakini nisipouliza leo sitauliza tena." Aliiweka kamera magotini. "Hivyo hivyo nilivyo, utanikubali?"

Frida alifungua mdomo. Koo lilikuwa limefungwa na kilio, hakuna sauti iliyotoka. Badala yake alitikisa kichwa, ndiyo. Akakitikisa tena, kwa nguvu, machozi yakimtoka, akiwa hatua chache kutoka kwake katika kile kiza chepesi cha magharibi ambacho kwa mtu mwingine yeyote kilikuwa bado ni mwanga.

Alphonce alisubiri. Uso wake ulikuwa umeelekea palepale Frida alipokuwa.

"Nimeelewa," alisema mwishowe, kwa upole mkubwa. "Asante kwa kutonidanganya."

Frida aliyasikia maneno hayo kama baraka. Alidhani anashukuriwa kwa moyo wake. Alphonce akampa kamera aishike, akasema atachukua bodaboda peke yake mpaka kwao Ujiji, Frida asichelewe nyumbani, baba yake asipate la kusema. Dereva wa bodaboda alimshika mkono kumpandisha. Frida alisimama akaitazama taa nyekundu ya pikipiki mpaka ikaisha kwenye kona, na ndani ya huzuni yake yote kulikuwa na kitu kilichotulia, kwa sababu alikuwa amejibu.

*

Alimkuta baba yake sebuleni akisikiliza redio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Ni kweli uliyosema. Ameniambia mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nami nimemkubali."

Mzee Eliakimu alizima redio. Frida alikuwa amejiandaa kwa kelele, lakini kelele hazikuja.

"Unadhani namchukia yule kijana," mzee alisema. "Nilivua na Petero, mjomba wake, mtumbwi mmoja. Hakuna mtu aliyekuwa na mikono kama yake. Jioni moja alishuka kwenda kunawa, akatembea moja kwa moja mpaka maji yakamfika kifuani. Alidhani bado yuko mchangani. Mimi ndiye niliyemvuta. Alilia kama mtoto. Baadaye mkewe aliondoka na watoto, na hakuna aliyemlaumu, hata Petero mwenyewe. Unajua nilichokuwa naogopa? Si kwamba utamkubali. Naogopa siku utakayochoka, kwa maana wewe huwezi kumwacha mtu. Utabaki umechoka."

"Labda nitachoka, baba. Lakini nitachoka nikiwa naye."

Mzee aliisukuma kando sahani yake. "Waambie washenga waje," akasema, na akainuka kwenda kulala bila kugusa chakula.

Frida alipiga simu ya Alphonce kumpa habari. Haikupatikana. Akajiambia chaji imeisha. Jumapili baada ya ibada akapiga tena, ikawa vilevile. Jumatatu asubuhi aliomba ruhusa kazini, akapanda bajaji kwenda Ujiji.

Mama yake Alphonce, Mama Agnesi, alikuwa uani akipepeta mchele. Alipomwona Frida, ungo ulisimama mikononi.

"Mwakeye, mama," Frida alimwamkia kwa Kiha, kama alivyomzoea.

"Mwakeye," mama akaitikia, bila lile tabasamu lake. "Umekuja kuchukua nini, mwanangu?"

"Nimekuja kumwona Alphonce. Simu haipatikani."

"Ameondoka jana na treni. Amekwenda Tabora kwa baba yake mdogo. Ameacha barua ya kuomba likizo shuleni, kamera amesema ibaki kwako, lenzi umrudishie mwenye duka." Sauti ya mama haikuwa na ukali, na hilo lilimuumiza Frida zaidi. "Sikulaumu. Mimi ni dada wa Petero, najua mzigo wenyewe. Nilimwambia akuulize, na amekuuliza."

"Naye akasema nilimjibu nini?"

"Alisema ulinyamaza."

Frida hakuelewa mara moja. "Sikunyamaza, mama. Nilikubali. Nilikuwa nalia, nikatikisa kichwa. Nilitikisa sana, mama, naye akasema ameelewa!"

Mama Agnesi aliuweka ungo chini.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Jua lilikuwa linazama."

"Yoo, mwanangu," mama alisema, akaweka kiganja mdomoni. "Saa hizo Alphonce haoni kitu. Hapa nyumbani namwekea chakula mkononi."

Kuku walikuja wakadonoa mchele uliomwagika, hakuna aliyewafukuza. Frida alijiona tena pale ufukweni, akitikisa kichwa kwa nguvu zake zote mbele ya mtu aliyekuwa akisikiliza.

"Ana namba nyingine?" akauliza. "Mama, nakuomba."

Mama aliingia ndani, akarudi na simu yake ndogo. Alimpigia baba mdogo wa Tabora. Walizungumza kwa Kiha, maneno machache, kisha mama akampa Frida simu. Upande wa pili kulikuwa na sauti za watoto, na mlango ukifungwa, halafu pumzi aliyoijua.

"Alphonce, nilikubali," Frida alisema, hakusalimia. "Unanisikia? Nilishindwa kuongea, nikatikisa kichwa. Nilidhani umeniona. Baba ameruhusu, washenga waje. Ni ndiyo, Alphonce. Nasema kwa mdomo sasa. Ndiyo."

Akaibana simu sikioni.

"Ulitikisa kichwa," Alphonce alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa mbele yangu, unalia, unatikisa kichwa."

"Ndiyo, mpenzi wangu. Rudi."

Alimsikia akivuta pumzi, na ilipotoka ilitoka imekatika vipandevipande.

"Frida, neno nililokuwa nalingoja kuliko yote duniani ulinipa usoni, na sikuliona. Utaishije na mtu wa namna hiyo?"

"Nitakuwa nasema! Kila kitu nitakuwa nasema kwa sauti, Alphonce, nitazoea..."

"Najua ungezoea mpaka ukajisahau," alisema. "Ndiyo maana sirudi."

Simu ikakatika. Frida akapiga, ikaita bila kupokelewa, akapiga tena, ikawa imezimwa. Mama Agnesi alimshika bega, akaichukua simu polepole kutoka mkononi mwake, akamketisha kwenye kigoda. Naye akaketi mchangani kando yake, wakalia pamoja, kila mmoja kwa sauti, bila kuwaonea majirani haya.